Chombo cha Kazi si Bidhaa

Forodhani, kwa asili ya jina lake, si bustani. Kabla ya kuwa mahali pa urojo, mishikaki na maji ya miwa, palikuwa mahali pa kutozana. Neno "forodha" tumelichukua kwa Waarabu, ambao kwao lilikuwa na maana ya bandari, pahala pa kuteremshia shehena. Sisi tukaliongezea meza, mizani na daftari. Fedha zilizopita juu ya meza hiyo ndizo zilizojenga sehemu kubwa ya mji tunaowatembeza wageni hii leo. Jengo la zamani la forodha, pale Mizingani, limewahi kuwa skuli ya muziki, na mwenye kupenda ishara njema aweza kufurahi kwamba palipohesabiwa pembe na karafuu palikuja kuhesabiwa mapigo ya dumbaki.

Lakini meza haikufa. Imehamia Kisauni, kwenye uwanja wa ndege, kama ilivyohamia kwenye viwanja vya Mombasa na Dar es Salaam. Na mbele yake sasa anasimama msafiri wa namna mpya, ambaye wale walioandika sheria hawakumpa jina wala mlango. Jambo ninalotaka kulitetea katika kurasa hizi ni moja tu: kwamba chombo ambacho mtu anafanyia kazi yake si bidhaa, na kwamba haki ya kupita nacho haifai kuachwa kwenye huruma ya aliyekaa nyuma ya meza. Iandikwe, isomeke, na ibandikwe ukutani.

Msafiri huyu ni nani? Ni yule ambaye mwajiri wake yuko nchi moja na mwili wake uko nchi nyingine. Mwaka 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulipofika katika mwambao wa Afrika Mashariki, na mwaka 2010 ukafuatiwa na wa EASSy, kazi ambazo zamani zilidai mtu ahame zilianza kumfuata mtu kwao. Maradhi ya korona ya mwaka 2020 yakaja kuwalazimisha hata waajiri wakaidi kukubali kwamba mhasibu aweza kufunga hesabu bila ya kukalia kiti cha ofisini. Leo yupo mfasiri wa Kiswahili anayewatumikia wateja wa Ulaya akiwa chumbani kwake. Yupo mwandishi wa programu, yupo mchoraji wa majengo, yupo mwalimu anayesomesha darasa ambalo wanafunzi wake hajapata kuwapa mkono. Baadhi yao ni wana wa visiwa hivi waliohamia Maskati, London au Toronto, ambao siku hizi huja kufunga Ramadhani na wazee wao bila ya kuomba likizo, kwa sababu kazi yao imo ndani ya begi. Wengine wako hapa hapa. Huenda ng'ambo mara moja kwa mwaka kuonana na mwajiri, na hurejea na chombo kipya walichokabidhiwa.

Fungua begi la mtu huyo uone. Kompyuta mbili za mpakato: moja ni yake mwenyewe, ya pili ni ya kampuni, kwani waajiri wengi hawataki siri zao zichanganywe na picha za harusi. Kioo cha pili cha kusomea. Simu mbili. Diski ya kuhifadhia kazi. Vipokea sauti vya masikioni, kamera ndogo ya mikutano, na fundo la nyaya ambalo hata mwenyewe halifungui ila kwa subira. Kwa jicho la afisa wa forodha, begi hilo ni duka. Kwa mwenyewe ni karakana.

Tofauti ya duka na karakana ndiyo kiini cha hoja yangu. Fundi seremala aliyepanda jahazi kwenda Lamu au Ngazija alibeba tezo, randa, msumeno na keekee. Vyombo hivyo vilikuwa na thamani, na pengine ndivyo mali yake yote. Lakini havikuwa vya kuuzwa. Angeviuza angekula kwa wiki moja, kisha angelala na njaa mwaka mzima. Bidhaa humpa mtu faida inapotoka mkononi mwake, na chombo cha kazi humpa riziki kwa kubakia humo. Mizani isiyoweza kupambanua vitu viwili hivi, hata iwe sahihi kiasi gani kwa uzito, ni mizani mbovu kwa uadilifu.

Sasa tuiangalie sheria, wala tusiitukane kabla ya kuisoma. Tunatawaliwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004. Katika jadweli lake la tano imewawekea wasafiri milango kadhaa ya msamaha. Mgeni anayekuja kwa muda usiozidi miezi mitatu huruhusiwa kuingia na vitu vyake visivyo vya kuliwa wala kunywewa, maadamu ni vya matumizi yake na ana nia ya kuondoka navyo. Anayehamia moja kwa moja huruhusiwa vyombo vyake na vya nyumba yake alivyokuwa akivitumia alikotoka. Mkaazi aliyetoka matembezini na kurejea huruhusiwa nguo zake na vitu vyake ambavyo vimekwisha kutumika. Na kwa vitu vinavyoingia kwa muda tu, kifungu cha 117 kimeweka utaratibu wa kuviachia bila ya ushuru, kwa sharti virejeshwe nje katika kipindi kisichozidi miezi kumi na miwili.

Msomaji wa haraka atasema: basi udhia uko wapi? Udhia umo katika masharti matatu ambayo sheria imeyatanguliza mbele ya milango hiyo. La kwanza, kitu kiwe mali ya abiria. La pili, kiwe kwa matumizi yake binafsi au ya nyumbani kwake. La tatu, kiwe cha aina na kiasi ambacho afisa husika ataruhusu.

Yapime masharti hayo kwa begi letu. Kompyuta ya kampuni si mali ya abiria. Ni mali ya mwajiri, na mara nyingi imebandikwa nembo inayosema hivyo. Kwa hiyo mtu mkweli kabisa, anayesema "hii si yangu, ni ya kazini," anajitoa mwenyewe nje ya msamaha kwa ulimi wake. Aliye mwerevu husema ni yake, akapita. Hii ni sheria gani inayomwadhibu mkweli na kumpa njia mwongo? Sharti la pili nalo, la matumizi binafsi, liliandikwa kwa fikra kwamba kazi ina nyumba yake na maisha yana nyumba yake. Kwa mfasiri anayefanyia kazi juu ya kitanda alichozaliwa, utauchora wapi mpaka? Saa tatu asubuhi kompyuta ni ya mwajiri, na saa tatu usiku, kompyuta ile ile, anazungumza na dada yake aliyeko Maskati. Je, ushuru ulipwe kwa zamu?

Ama sharti la tatu, hilo ndilo lililobeba kila kitu. Aina na kiasi atakachoruhusu afisa. Hapana orodha, hapana idadi. Kompyuta mbili ni nyingi au chache? Simu mbili ni za kazi au za biashara? Jibu halimo kitabuni. Limo katika uso wa mtu, katika saa aliyoamkia, katika foleni iliyo nyuma yako, na katika mavazi uliyoyavaa. Kila aliyekulia mwambao huu anaijua methali inayozaliwa mahali kama hapo: penye udhia, penyeza rupia. Methali hiyo si sifa ya watu wetu wala haikuteremka kutoka mbinguni. Ni zao la sheria zinazowaachia watu wawili, mmoja mwenye mamlaka na mmoja mwenye haraka, wakubaliane wenyewe.

Na la kushangaza zaidi ni dogo lililo ndani ya ubishi huo. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya yetu, kompyuta zimewekwa daraja la sifuri. Ndiyo, sifuri. Wakubwa wetu waliona, na waliona vyema, kwamba kompyuta ni nyenzo ya elimu na maendeleo, wakaiondolea ushuru wa kuingizia. Kinachobakia ni kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida Kenya ni asilimia 16 na Tanzania Bara ni asilimia 18, pamoja na ada ndogondogo. Kodi hiyo inaeleweka kwa muuzaji, ambaye ataidai kwa mnunuzi wake. Lakini mwenye kompyuta aliyoikalia miaka miwili, iliyofutika herufi kwa vidole vyake, atamdai nani? Ongezeko la thamani la kitu hicho ni kazi yenyewe atakayoifanya.

Hapa naomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu kisiwa hiki kina kumbukumbu ndefu ya mambo ya forodha. Tarehe 21 Septemba 1833, Seyyid Said bin Sultan alifunga mkataba na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Ndani yake mliandikwa kwamba mfanyabiashara wa Kimarekani atakayeteremsha shehena yake atatozwa asilimia tano, basi, wala hatadaiwa ada nyingine yoyote juu yake. Katika zama hizo forodha ya Unguja ilikuwa ikikodishwa: tajiri kama Jairam Shivji humlipa Seyyid kiasi maalumu kwa mwaka, kisha hukusanya kwa mkono wake, na kinachozidi ni chake. Hapana mfumo unaomtamanisha mkusanyaji kutoza zaidi kuliko huo. Na bado, ndani ya mfumo huo, nahodha aliyetoka Salem na marobota ya nguo ambazo mpaka leo twaziita merikani alikijua kiwango chake kabla ya kutia nanga. Alikuwa nacho kwa maandishi, chenye saini ya mfalme.

Simsifu Seyyid kwa mkataba ule, wala siwasifu Wamarekani, ambao walijitafutia maslahi yao. Ninachosema ni kwamba mgeni yule alielewa thamani ya kujua mapema. Alielewa kwamba anayekuja mezani bila ya kujua atadaiwa nini amekwisha kushindwa kabla ya kufungua mzigo. Karibu karne mbili zimepita. Yule Mmarekani wa marobota alikuwa na nambari moja iliyoandikwa. Mwana wa kisiwa anayerejea kwao na kompyuta mbili ana "kadiri itakavyoruhusiwa".

Majirani zetu wa Kenya walilionja jambo hili hadharani. Mwezi wa Novemba mwaka 2023, Mamlaka ya Mapato ya nchi hiyo iliwakumbusha wasafiri kwamba vitu wanavyoingia navyo vyenye thamani ya zaidi ya dola 500 vitatozwa, na makelele yakazuka nchi nzima. Kanuni yenyewe haikuwa mpya siku ile. Kilichokuwa kipya ni kwamba wengi waliisikia kwa mara ya kwanza, na waliisikia kwa njia ya onyo. Watu wakaanza kujiuliza: simu niliyotoka nayo wiki iliyopita, nikirudi nayo, nitaithibitisha vipi kwamba ni ile ile? Ni swali la haki kabisa, na ni swali ambalo afisa mwenyewe, akiwa mwaminifu, hana cha kulijibia.

Wapo waliodhani kwamba dawa ni kukipandisha kikomo hicho. Sikatai, kompyuta moja ya kuchorea majengo huweza kuzidi dola 1,000 peke yake, na kikomo kidogo humfanya kila mfanyakazi kuwa mkosaji. Lakini ukikipandisha kikomo, swali linabaki pale pale. Kikomo cha thamani huuliza: kitu hiki ni cha bei gani? Sisi twataka kuulizwa: kitu hiki ni cha nini? Cherehani ya dola 200 ya fundi na dazeni ya saa za dola 200 za mchuuzi zina bei moja, na si kitu kimoja.

Tusidhani kwamba dunia haijalifikiria jambo hili. Mkataba wa Kyoto wa taratibu za forodha, uliorekebishwa mwaka 1999, umependekeza orodha ya vitu vya msafiri mgeni vinavyofaa kuhesabiwa kuwa ni vyake binafsi, na ndani yake, pamoja na taipureta za kubebeka, zimetajwa kompyuta za kubebeka kwa jina lake. India, ambako wagonjwa wetu wengi huenda kutibiwa, imeandika wazi kwamba abiria aliyetimiza miaka 18 aweza kuingia na kompyuta moja ya mpakato bila ya ushuru, mbali na kikomo cha thamani cha mizigo mingine. Marekani ina karatasi, iitwayo fomu nambari 4457, ambayo msafiri huijaza kabla ya kuondoka: huonesha chombo chake, nambari yake ya kiwandani ikaandikwa, ikapigwa muhuri, na siku atakaporejea hana ubishi na mtu. Karatasi moja tu! Nasi ambao methali yetu yasema mali bila daftari hupotea bila habari, tumeshindwa kuwa na daftari la namna hiyo lenye kujulikana na kila mtu?

Nazijua hoja za upande wa pili, na si haki kuzipita kimya. Ya kwanza ni kwamba wasafiri hudanganya. Ni kweli. Wapo wanaoingia na simu kumi na mbili, kila moja imetolewa kwenye kasha lake, wakasema ni za matumizi yao. Huyo ni mchuuzi, na atozwe. Anayemwachia anamdhulumu mwenye duka la Darajani aliyelipa kodi zake. Lakini mlaghai wa simu kumi na mbili hazuiwi na sheria isiyo na idadi. Yeye ndiye anayenufaika nayo, kwani kazi yake ni kujua namna ya kuzungumza na meza. Andika idadi, umemfunga. Iache wazi, umemfungulia, na umemfungia njia mfasiri asiyejua kuzungumza.

Ya pili ni ya uadilifu, nami naiheshimu zaidi. Watasema: kwa nini mwenye kompyuta apendelewe kuliko yule mama anayerudi kutoka Dubai na vitenge vyake? Yeye pia anatafuta riziki, na pengine ana dhiki zaidi. Jawabu langu ni kwamba sikumtetea mwenye kompyuta kwa sababu ya kompyuta. Vitenge ni vya kuuzwa. Ni bidhaa, na sheria ya bidhaa ina mjadala wake. Lakini mama huyo akirudi na cherehani yake anayoshonea, au mpiga picha za harusi akirudi na kamera yake, au mpiga kanuni wa taarabu akirudi na kanuni yake, wote wamo ndani ya hoja hii pamoja na mwandishi wa programu. Ninachodai si upendeleo wa tabaka la waliosoma. Ni heshima kwa chombo cha kazi, kiwe cha umeme au cha mti.

Ya tatu ni ile inayosemwa kwa sauti ya chini: tuwaachie maafisa busara zao. Nami nasema, busara ni pambo la mtu, si msingi wa sheria. Wako maafisa wengi wenye murua, wanaomtazama kijana na begi lake, wakaelewa, wakamwambia pita. Lakini hata afisa huyo mwema hana kinga. Mkubwa wake akimwuliza kwa nini alimwachia mtu mwenye kompyuta tatu, atasema nini? Kwamba alimwona uso wa ukweli? Sheria iliyoandikwa vyema ingemlinda yeye kabla ya kumlinda msafiri. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na afisa wa ngazi ya chini naye, msomaji, ni mnyonge.

Liko jambo jingine ambalo latia uchungu zaidi. Serikali nyingi sasa zinashindana kuwavuta wageni wafanyao kazi kwa mbali. Mauritius, kisiwa kama sisi, ilianzisha viza yao mwaka 2020. Kenya mwaka 2024 ilitangaza kibali maalumu kwa ajili yao. Nasi tunawaona Paje na Nungwi, kompyuta iko mapajani, miguu imo mchangani, na hapana anayewaonea husuda. Fedha zao zinamfikia mpishi, mwenye nyumba na muuza madafu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo tulivyofunzwa.

Lakini itazame tena ile milango ya jadweli la tano. Mgeni wa miezi mitatu haulizwi kama chombo chake ni kipya au kikuukuu. Yatosha kwamba ataondoka nacho. Mwenyeji anayerejea kwao huulizwa kama kimekwisha kutumika, kwa sababu yeye haondoki. Kwa maana nyingine, Mjerumani na Mpemba wakishuka katika ndege moja, kila mmoja na kompyuta mpya ya mwajiri wake, kwa kazi ile ile, kwa mshahara pengine wa kampuni ile ile, yule wa kwanza ana mlango mpana na wa pili ana mlango mwembamba, na kosa la huyu wa pili ni kuwa amefika nyumbani. Methali yetu haikusema mgeni njoo, mwenyeji ahojiwe.

Na safari ya mwenyeji haijaisha hapo. Akipanda boti kwenda Dar es Salaam aweza kuikuta meza ya pili. Ubishi wa ushuru wa vitu vinavyotoka Unguja kwenda Bara umewahi kuwamo katika orodha ya kero za Muungano zilizozungumzwa kwa miaka mingi, na waliozoea kuuona ukihusu televisheni na majokofu wafahamu kwamba mwenye begi la kompyuta naye anasimama katika foleni ile ile, akitafuta risiti ambayo hakupewa, kwa sababu mahali alipopitia mwanzo aliambiwa tu: pita.

Basi ifanywe nini? Sitaki kuwa miongoni mwa wale wanaolia na kuondoka. Yako mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwanza, vyombo vya kazi vitajwe kwa jina na kwa idadi katika msamaha wa abiria: kompyuta za mpakato kadha, simu kadha, kioo kimoja, kamera moja, diski, pamoja na vyombo vya ufundi vya mikono vinavyobebeka. Ikiwa watunga sheria wataona kompyuta mbili zatosha, na waandike mbili. Bora mbili zinazojulikana kuliko tano za kuombewa dua.

Pili, sharti la umiliki lilegezwe kwa chombo cha mwajiri. Abiria aliye na barua ya mwajiri, yenye nambari ya kiwandani ya chombo, ahesabiwe kama mwenye mali kwa ajili ya msamaha huo, naye aahidi kwa saini yake kwamba hatakiuza. Akikiuza, sheria imkamate kama inavyomkamata mtu mwingine yeyote.

Tatu, pawe na karatasi ya kutokea. Anayeondoka na chombo chake akiandikishe kabla ya kupanda ndege, bila ya malipo, naye apewe nakala yenye muhuri. Karatasi hiyo itambuliwe katika kila kituo cha Jumuiya, bandarini na uwanjani, Unguja na Bara.

Nne, na hili halingoji Bunge lolote, kanuni zilizopo zibandikwe ukutani, mbele ya meza na si nyuma yake, kwa Kiswahili kinachosomeka. Haiyumkiniki kwamba katika lugha ambayo tumeweza kutungia tenzi ndefu na kufasiria maandiko matakatifu, tusiweze kumwambia mtu kwa mistari kumi ni nini chake na ni nini cha serikali. Sheria isiyofasiriwa kwa lugha ya watu wake ni siri, na siri mezani ni bidhaa. Ina wauzaji na wanunuzi.

Mambo matatu ya mwanzo yapelekwe yanakostahiki. Sheria hii ni ya Jumuiya, na ina Bunge lake Arusha, ambamo wamo wajumbe wanaotoka visiwani. Nao wanaokaa Chukwani, katika Baraza la Wawakilishi, hawana uwezo wa kuibadilisha peke yao, lakini wana ndimi, na wana wapigakura ambao watoto wao hula kwa kompyuta hizo. Waulizwe kabla ya uchaguzi na waulizwe baada yake.

Nasi tuandikao katika kurasa kama hizi tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya watu wa teknolojia. Miswada yetu imo ndani ya mashine hizo hizo. Wafasiri wanaokipeleka Kiswahili ng'ambo, na wanaotuletea ya ng'ambo kwa Kiswahili, wanazibeba mapajani kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Kijana akichoka kuhojiwa, hatapiga makelele. Atabakia huko aliko, na lugha yake, akili yake na kodi yake vitabakia naye. Meza itakuwa imehifadhi asilimia kadha ya kompyuta moja, na kisiwa kitakuwa kimempoteza mtu mzima.